Mbwa Aliyenitembelea

Nilikuwa na miaka kumi na minne, mjini Joensuu,
Januari, theluji imefika kwenye vioo vya magari,
muuguzi wa shule, Bi. Kyllikki, akatugawia vidude vyeusi,
vidogo kama kiberiti, na mkanda wa kufunga kiunoni.
"Wiki moja," alisema. "Msivue ila mkioga.
Na msidanganye. Hakitawauliza mmefanya nini;
kitajua."

Kilijua nini?
Siku ya pili nilikifunga shingoni mwa Nappi,
mbwa wa baba, mwenye sikio moja lililolala,
nikamfungulia mlango wa nyuma,
nikarudi chumbani, nikavuta pazia,
nikaingia kwenye mchezo ambamo nilikuwa na farasi,
upinde,
na miguu isiyojua kuchoka.

Wiki nzima Nappi alinitembelea.
Kwa mujibu wa kidude nilikimbia kilomita tisini na tatu.
Nilikimbia saa kumi alfajiri.
Nilizunguka msonobari uleule mara arobaini.
Bi. Kyllikki aliisoma karatasi, akanitazama
kuanzia kichwani hadi kwenye soksi,
akaandika: Mwenye bidii.

Reko hakudanganya, hakuhitaji.
Alicheza mpira wa magongo barafuni mpaka kope zikaganda.
Kisha, akiwa na kumi na sita, kocha akabandika orodha ukutani
na jina lake halikuwemo.
Alitundika viatu vyake msumarini.
Hakuna aliyemwambia kwamba mtu aweza kukimbia
bila kuchaguliwa.
Akaja kwetu na taulo lake na chaja yake.

Hatukuanguka. Ingekuwa rahisi kusema tulianguka.
Tulikaa.
Tulikaa kwanza dakika kumi, kungoja mvua iishe,
mvua ikaisha, ukaja mtihani, ikaja likizo,
akaja mpenzi ambaye naye alikuwa amekaa, mji mwingine,
tukapendana mabega na uso,
sijui hata leo alikuwa na urefu gani.

Sasa naishi Tampere.
Mchana kutwa nasoma malalamiko ya wateja wa umeme,
jioni najipumzisha.
Dawa ya moto ni moto, walisema;
dawa yangu ya kioo ni kioo,
cha kazini kikubwa, cha kitandani kidogo,
na kiti changu kimejifunza umbo langu
kuliko mtu yeyote.

Nappi alikufa nikiwa na kumi na tisa.
Baba alipiga simu ya video, hakusema neno,
alielekeza kamera sakafuni, kwenye blanketi.
Nikasema, "Baba, picha imekwama."
Haikuwa imekwama.

Mwaka huu, miaka kumi baadaye, bahasha:
Wewe ni miongoni mwa tuliowapima. Tunaomba tena.
Ndani, kidude, safari hii cha mkononi.
Siku ya kwanza: hatua elfu moja mia tisa na kumi na mbili,
nyingi kati ya friji na meza.
Nilifikiria mashine ya kufulia.
Nilifikiria, nakiri, mbwa wa jirani wa ghorofa ya juu,
nikafika hadi kwenye ngazi.

Ngazi zikaniishia pumzi.
Nikageuka, nikashuka, nikajikuta nje,
si kwa ajili ya afya, kwa aibu,
na viatu vya kazini, na theluji ikilia chini yangu.
Uani kuna msonobari mmoja.
Nikauzunguka.
Mara ya tatu mapafu yalichoma kama niliyameza yakiwa barafu.
Mara ya saba nikacheka peke yangu, mama mmoja akafunga dirisha.
Mara ya tisa nikainama, mikono magotini,
nikinusa gome kama mpumbavu:
alikuwa akitafuta nini huyu?

Usiku ule Nappi alinitembelea tena,
kwa ile maana nyingine.

Fomu ilikuwa na nafasi ndogo ya maoni.
Nikaandika kwa kalamu, vidole bado vimekufa ganzi:
Zile kilomita tisini na tatu za mwanzo si zangu.
Tafadhali rekebisheni.
Mwenye bidii alikuwa na miguu minne.
Hizi duru tisa, ndiyo,
hizi ni zangu.